Mchezo Wenye Hesabu Ndani Yake

Elias: Habari za muda huu wasikilizaji wetu, mlioko Ujiji, Kasulu, Uvinza, mpaka kwa ndugu zetu wa Tabora. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani, na leo tunazungumzia michezo ya kuwafundishia kwa vitu vya nyumbani. Hapa mezani Dada Mwajuma ametandaza trei ya mayai, vizibo vya soda, kopo la mise, yaani kokwa za michikichi, na boksi la dawa ya meno. Dada, karibu.

Mwajuma: Asante kaka Elias. Hivi vyote ni vifaa vya kufundishia, na hakuna hata kimoja kilichonunuliwa kwa kazi hiyo. Ila naomba nianze na jambo linaloniuma. Mzazi akisikia "mchezo wa kufundishia", anachukua maswali ya daftari, anayaandika kwenye kadi, anamwambia mtoto, haya tucheze. Saba mara sita ngapi? Umekosa, kadi nyingine. Huo ni mtihani. Mtoto anaujua mtihani hata ukiuita jina gani.

Elias: Kwa hiyo mchezo ni upi?

Mwajuma: Ni ule ambao usipohesabu husogei. Hesabu iwe ndani ya kanuni zenyewe. Chukua mdako, ambao mimi na wewe tumeucheza. Kishimo, vijiwe kumi na viwili ukiacha kile cha kurusha. Unarusha, unavikokota vyote nje, unadaka. Unarusha tena, unavirudisha shimoni ukibakiza kimoja. Ukimaliza moja moja unaingia mbili mbili, tatu tatu, nne nne. Sasa tazama: mbili mbili vinatoka mara 6, tatu tatu mara 4, nne nne mara 3. Ukifika tano tano, vinabaki viwili havina mwenzao.

Elias: Hapo ndipo ugomvi ulipokuwa unaanzia!

Mwajuma: Na ugomvi ule ndio somo. Watoto wanabishana vile viwili vihesabiwe au visihesabiwe. Tayari wanagawanya, na baki wameishika mkononi. Mwalimu akija kuandika kugawanya ubaoni, mtoto anakutana na kitu anachokijua.

Elias: Na bao? Maana wazee wa Ujiji hawakosi bao kivulini.

Mwajuma: Bao la wakubwa lina mashimo 32 na kete 64. Kwa mtoto wa miaka sita ni mzigo. Ndiyo maana nimekuja na trei. Trei ya kawaida inabeba mayai 30, mistari sita ya matano matano. Ikate kwa mkasi kila baada ya mistari miwili. Unapata vipande vitatu, kila kimoja kina mashimo kumi, matano juu, matano chini. Hebu shika hiki. Weka mise saba.

Elias: Moja, mbili… saba. Juu zimejaa tano, chini mbili.

Mwajuma: Matupu mangapi?

Elias: Matatu.

Mwajuma: Umeyaona bila kuhesabu. Sasa fikiria mtoto anajumlisha nane na tano. Wengi wanarudi kwenye vidole, vikiisha wanahamia vya miguuni. Kwenye trei, nane zimekaa, mashimo mawili yako wazi. Anachukua mise mbili kutoka kwenye zile tano, anajaza. Kumi imetimia. Mkononi zimebaki tatu, zinakwenda kipande cha pili. Kumi na tatu. Hakuna aliyemwambia "beba moja", ameibeba mwenyewe. Kikao cha dakika kumi na tano kinatosha, halafu mwachie trei achezee atakavyo.

Elias: Na kuigeuza iwe mashindano?

Mwajuma: Kila mmoja na vipande vyake vitatu. Unatupa dadu, unapanda mise kadiri ya namba, wa kwanza kujaza 30 ameshinda. Lakini kabla ya kutupa lazima useme umebakiza ngapi kufika kumi ya mbele. Ukikosea, zamu inapita.

Elias: Kwa nini mise lakini, si maharage?

Mwajuma: Maharage yanafaa. Mise ni ngumu, hazibunguliwi upesi, na huku kwetu nyumba inayokamua mawese haizikosi. Ila hapa nisisitize: kama kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu, mise, vijiwe na vizibo visimfikie kabisa. Vinaweza kumkaba koo. Huyo mpe magunzi mazima ya mahindi apange.

Elias: Sawa. Dadu tunanunua?

Mwajuma: Mtoto aitengeneze. Kata kipande cha boksi la dawa ya meno, kikunje umbo la mchemraba, gundi ya uji wa sembe inatosha. Mpe kanuni moja tu: pande zinazotazamana zijumlishe saba. Moja na sita, mbili na tano, tatu na nne. Atakuna kichwa, atafuta, atapanga upya. Dadu ikitoka imepinda, namba fulani itaangukia juu kupita nyingine. Mwambie arushe mara 60 na aweke alama kila inapoangukia. Atagundua mwenyewe inapendelea wapi.

Elias: Twende kwenye kusoma.

Mwajuma: Vizibo. Bandika karatasi, andika silabi: *ma, we, se, ka, mi, ge, bu, le, ta*. Mtoto anachomoa saba, anaunda neno. Silabi moja alama moja. *Weka* mbili, *mawese* tatu, *migebuka*, wale samaki wetu, nne. Watoto wetu wengi nyumbani wanaongea Kiha, Kiswahili cha kusoma wanakutana nacho darasani. Kwa hiyo anzeni na maneno ya vitu ambavyo mtoto anaweza kukuonyesha kwa kidole. Migebuka anaijua, imeanikwa palepale. Baadaye ndiyo mnaongeza *nya*, *mbe*, na zile mbili zinazowasumbua, *ngo* ya ngoma na *ng'o* ya ng'ombe. Kila moja na kizibo chake.

Elias: Wangu wako darasa la nne. Mise na silabi wamezivuka.

Mwajuma: Hao wape treni. Boksi kubwa, mkaa, chora reli: Kigoma, Kazuramimba, Uvinza, Nguruka, Kaliua, Urambo, Tabora. Katikati ya stesheni weka vituo vidogo vya kusogea kwa dadu. Kila mchezaji ana behewa linalobeba mizigo 20, basi. Anaondoka Kigoma na madumu 12 ya mawese. Uvinza kuna chumvi, anataka magunia 10.

Elias: Hayaingii. Nafasi ziko nane.

Mwajuma: Basi aamue! Ashushe madumu mawili auze palepale kwa bei ndogo, au achukue magunia nane tu? Bei wapange wao, hela wakate za karatasi, na chenji irudishwe sawasawa. Mwenye hela nyingi akifika Tabora ndiye mshindi. Mtoto wa darasa la nne anakaa hapo saa nzima anatoa, anazidisha, anapanga biashara.

Elias: Na wakianza kubadilisha kanuni katikati?

Mwajuma: Wabadilishe, lakini kabla mchezo haujaanza, na kanuni iandikwe nyuma ya boksi. Aandike mtoto. Ikizuka kesi, anageuza boksi anasoma. Akiona wenzake hawaelewi alichoandika, ataandika upya vizuri zaidi, wala hutamwambia.

Elias: Msikilizaji ambaye hana trei, hana boksi?

Mwajuma: Achimbe mashimo kumi uani, matano juu matano chini. Vijiwe vipo.

Elias: Haya, tunawaacha mkachimbe. Jumamosi ijayo, saa hizihizi.