Namna ya Kutafuta Chanzo cha Mtetemo wa Breki Katika Gari Lililotumika

Karibuni watazamaji. Gari mnaloliona nyuma yangu ni Toyota Corolla Fielder ya kizazi cha pili, yenye injini ya cc 1500, iliyoagizwa ikiwa imetumika kutoka Japani na kushushwa katika bandari ya Dar es Salaam. Mbele ina breki za diski, nyuma ina za dramu. Mwenyewe analalamika kwamba akishika breki akiwa katika mwendo wa kilomita 80 hadi 100 kwa saa, usukani hutetemeka mikononi mpaka mwendo upungue. Ameshaambiwa gereji kwamba diski zimepinda na kwamba anunue mpya. Jibu hilo hutolewa kwa wepesi mno, na diski mpya zikifungwa juu ya tatizo lile lile, mtetemo hurudi baada ya kilomita elfu chache. Kwa hiyo leo hatununui kitu kabla ya kupima.

Kazi inaanzia barabarani. Tafuteni barabara ya lami iliyonyooka isiyo na msongamano, endesheni kwa mwendo ule ule unaolalamikiwa, lakini msiguse breki. Gari likitetemeka hata bila breki, angalieni kwanza matairi: huenda yanahitaji balansi, rimu imepigwa na shimo, au tairi limeota nundu. Sasa shikeni breki kwa wastani, bila kukanyaga kwa nguvu, na msikilize kwa mikono, mguu na kiti. Usukani ukicheza kushoto na kulia, chanzo mara nyingi kiko mbele. Ukiona usukani umetulia lakini kiti kinatikisika na pedeli inapigapiga mguu, shukuni dramu za nyuma. Jaribio hili lisifanyike kwenye barabara ya vumbi, kwa sababu huko mfumo wa ABS, unaozuia magurudumu yasijifunge wakati wa breki, huweza kuanza kufanya kazi na pedeli ikapigapiga ilhali breki hazina kasoro yoyote.

Kuna namna ya kuwatenga washukiwa wa nyuma. Mahali pa wazi pasipo gari jingine, mwendo ukiwa kilomita 30 au 40 kwa saa, vuteni breki ya mkono polepole huku kidole kikiwa kimebonyeza kitufe chake muda wote, ili muweze kuiachia papo hapo. Breki hiyo hushika magurudumu ya nyuma peke yake, hivyo mtetemo ukijitokeza hapo, dramu zinahusika. Tahadhari moja: baadhi ya magari yenye diski nyuma yana dramu ndogo ndani ya diski kwa ajili ya breki ya mkono tu, na kwa magari hayo jaribio hili halisemi lolote kuhusu diski zenyewe. Kwa Fielder yetu nyuma pametulia, na usukani ndio unaolalamika. Tunakwenda mbele.

Egesheni gari kwenye sakafu ngumu, zuieni magurudumu ya nyuma, legezeni nati kabla ya kuinua, kisha inueni na kuweka stendi. Jeki peke yake haitoshi, na asiingie mtu chini ya gari linaloning'inia kwenye jeki. Kabla ya kuvua tairi, lishikeni juu na chini mlitikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza, beringi au viungo vya gurudumu na usukani, yaani boljointi au tairodi, vimelegea. Bushi, yaani mipira ya mikono ya chini ya sasipensheni, nazo zikichanika hukuza mtetemo mdogo ukaonekana mkubwa, kwa hiyo zimulikeni kwa tochi.

Vueni tairi sasa. Kamera isogee hapa, kwenye uso wa diski. Mnaona alama hii nyeusi, yenye umbo la pedi kabisa, kile kibao kinachoibana diski, na ndani yake vishimo vidogo vya kutu? Gari hili lilikaa yadi, likakaa melini, likakaa tena yadi, pedi zikiwa zimegusana na diski mahali pamoja katika hewa ya chumvi. Kutu ya juujuu huondoka kwa kushika breki mara chache, lakini kutu iliyokula chuma hubaki, na kila alama hii inapopita kwenye pedi mshiko hubadilika. Tafuteni pia namba ya unene wa chini iliyochapwa kwenye diski na mpime kwa maikromita. Diski iliyofika chini ya namba hiyo haina mjadala, inabadilishwa, na hubadilishwa jozi.

Pimeni unene mahali panane kuizunguka diski, umbali ule ule kutoka ukingoni. Tofauti ya milimita 0.02 tu, ambayo ni nyembamba kuliko unywele, inaweza kusikika kwenye usukani. Tofauti hiyo hutokeaje? Diski inapokaa upande kidogo, huyumba inapozunguka, na sehemu ile ile huisugua pedi katika kila mzunguko hata dereva asiposhika breki, mpaka sehemu hiyo ikonde kuliko nyingine. Ndiyo sababu diski inaweza kuwa mpya na nzuri siku ya kwanza, kisha ikaharibika polepole kwa kosa lisilo lake.

Kuupima huo uyumbaji, vueni kalipa, kifaa kinachozibeba na kuzibana pedi, na kuitundika kwa waya, isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta ya breki. Fungeni diski kwa nati zote za tairi, mkiweka washa zinazofaa, wekeni geji ya sindano milimita 10 kutoka ukingo wa nje, kisha zungusheni diski taratibu mzunguko mzima. Kikomo cha Toyota kwa gari kama hili ni milimita 0.05. Sindano ya geji yetu imevuka hapo.

Msikimbilie duka la vipuri. Wekeni alama ya chaki kati ya diski na habu, kitovu kinachobeba gurudumu, toeni diski (ikigoma, ina matundu mawili yenye nyuzi, ambamo bolti mbili zikikazwa kwa zamu huisukuma itoke), halafu tazameni uso wa habu. Hapa ndipo penyewe. Ganda hili la kutu kuzunguka stadi, bolti zinazofungwa nati za tairi, linaizuia diski isilale sawasawa. Likwangueni kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, safisheni na mgongo wa diski, kisha rudisheni na kupima tena. Ikiwa bado inavuka, geuzeni diski tundu moja mbele na mpime, mpaka mpate mkao wenye uyumbaji mdogo kabisa. Diski yenye unene wa kutosha lakini isiyo sawa inaweza kukerezwa, mradi fundi mwenye mashine asiiteremshe chini ya ile namba iliyochapwa.

Pini za kalipa zisukumeni kwa mkono. Zikigoma, pedi haiachii diski, na gurudumu hilo huwa la moto kuliko mwenzake. Ukitoka kuteremka mlima mkali wa Kitonga kule Iringa utalisikia kwa harufu kabla ya kulipima. Zisafisheni na kuzipaka grisi ya breki inayostahimili joto. Pedi zilizobaki na milimita 1 hazirudishwi.

Kazeni nati kwa kukatisha, si kwa kuzunguka, hadi nyutonimita 103 kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza. Bunduki ya upepo ya kwa fundi wa matairi, inayokaza hii kupita kiasi na ile kidogo, inaweza kuivuta diski upande na kuurudisha uyumbaji tuliouondoa. Kanyageni pedeli mara kadhaa kabla ya kuondoka ili pedi zisogee mahali pake. Kama mmefunga pedi au diski mpya, punguzeni mwendo kutoka kilomita 60 hadi 20 kwa saa mara kadhaa kwa mshiko wa wastani, mkiziachia zipoe katikati, na msisimame mkiwa mmekandamiza pedeli diski zikiwa za moto, kwa kuwa pedi huacha ganda lake mahali pale pale iliposhikilia. Baada ya kilomita 100 hivi, hakikisheni tena nati kwa spana ile ile, gari likiwa limepoa.