Diski Iliyopanda Basi la Masasi

ZUHURA: Haya, tumo hewani. Kabla hujasema lolote, mkulungwa, watu watataka kujua mbona leo sauti imekukauka hivyo.

SALUMU: Steshenari.

ZUHURA: Steshenari ndiyo imekukausha sauti?

SALUMU: Nimebishana na simu wiki nzima, dada yangu. Kuna mama ana duka la steshenari kule Magomeni, hapa hapa Mtwara. Kompyuta ya mezani, anatoa fotokopi, anaskani vyeti, anapiga picha za pasipoti. Jumatatu kaniletea kwa bajaji, imefungwa kwenye kanga kama mtoto anapelekwa kliniki. Ananiambia, "Baba, hii jana jioni ilikuwa nzima."

ZUHURA: Zote huwa nzima jana jioni.

SALUMU: Huyu alikuwa anasema kweli! Kuna fundi, simtaji, alimwekea SSD, diski ya kisasa yenye kasi, akakloni Windows, yaani akainakili ilivyo, kutoka kwenye haddiski ya zamani. Ikawa inawaka upesi, mama anafurahi. Haddiski ikaachwa humohumo ndani, ikafomatiwa, ikawa ya kuhifadhia picha. Baadaye mama akaona ile diski imekaa tu, na mtoto wa kaka yake Masasi anatafuta diski. Akahamisha picha zake, akachukua bisibisi, akaichomoa mwenyewe. Akaitia kwenye rambo, akaipandisha basi.

ZUHURA: Rambo ipi tena? Rambo imepigwa marufuku tangu 2019.

SALUMU: Mfuko mbadala, basi! Usinikate. Basi likaondoka na diski. Mama akarudi dukani, akawasha. Skrini nyeusi, maandishi meupe, hakuna diski ya kuwashia. SSD imo ndani, inaonekana hadi kwenye baiosi, ile programu inayoamka kabla ya Windows, lakini haiwashi kitu.

ZUHURA: Nimeshajua.

SALUMU: Hujajua, subiri. Yule kijana Masasi naye kaipachika diski kwenye mashine yake. Yeye kapata skrini ya bluu, imeandikwa 0xc000000e. Anampigia mama, "Shangazi, umenitumia diski mbovu." Kwa hiyo mama ananionyesha picha mbili kwenye simu: nyeusi ya Mtwara na bluu ya Masasi. Anauliza, "Zimeambukizana?"

ZUHURA: [anacheka] Hapo sasa nimejua kweli. Pataisheni ya EFI, kile kipande cha diski cha kuwashia, imepanda basi.

SALUMU: Imepanda basi, na tiketi imekata! Waeleze watu.

ZUHURA: Jamani, kwenye kompyuta za UEFI, yaani zenye baiosi ya kisasa, Windows haijiwashi yenyewe. Kuna pataisheni ndogo, mara nyingi megabaiti mia tu, imefomatiwa kwa FAT32, na ukifungua orodha ya diski zako huioni. Ndiyo ina faili za kuwashia na orodha inayosema Windows iko wapi. Huyo fundi alikloni C peke yake, ile yenye Windows. Ile ndogo akaiacha kwenye diski ya zamani, na hata kufomati hakukuigusa.

SALUMU: Halafu ilipogoma akaipa amri ya bcdboot, ile inayoandika faili za kuwashia, akaishia hapohapo, hakutaja pataisheni ya kuandikia. Ikaandika kwenye EFI iliyokuwa inatumika, yaani ya zamani. Ndiyo maana ikawaka. Mlango uko diski hii, nyumba iko diski ile.

ZUHURA: Na Masasi mlango ukafunguka, ukatafuta nyumba, haipo. Ndiyo hiyo c000000e. Inatafuta Windows kwenye SSD ambayo iko Magomeni. Wala diski si mbovu.

SALUMU: Sasa kumweleza kijana hilo kwa simu! Nilimwambia, "Diski yako nzima, ila inaikumbuka Mtwara." Akanikatia.

ZUHURA: Ukamtaka airudishe?

SALUMU: Ya nini? Kila kitu cha mama kilikuwa kwenye SSD. Nilichukua flashi ya kusakinishia Windows, nikaiwasha nayo, pale mwanzo kabisa nikabonyeza Shift na F10, dirisha jeusi hilo. Diskpart, programu ya kugawa diski, nikaangalia kwanza kama SSD ni GPT, mpangilio wa kisasa ambao UEFI inautaka. Ilikuwa GPT, nikamshukuru Mungu. Nikaimega C kidogo mwishoni, nikaunda pataisheni ya EFI ya megabaiti 200, nikaifomati FAT32, nikaipa herufi S. Halafu: bcdboot C:\Windows, mkwaju, ule mstari wa mshazari, s, S na nukta mbili, mkwaju f, UEFI.

ZUHURA: Herufi uliihakikisha? Maana ukiwasha kwa flashi, C yako inaweza kuwa D, inaweza kuwa E.

SALUMU: Ilikuwa E. Unaorodhesha kwanza, unatazama ukubwa, unafungua uone folda ya Windows imo. Ndiyo amri ilikuwa E:\Windows, nimesema C ili watu waelewe.

ZUHURA: Wataandika C, watakutafuta.

SALUMU: Basi wasikilizaji, herufi mtazame zenu. Mimi nilichomoa flashi, nikawasha, ikapanda. Sasa yule kijana, bila kuambiwa na mtu, keshairudisha diski. Kaipa konda wa basi, na ili shangazi asikasirike, kamwambia konda, ukifika Mnazi Mmoja, ile njia panda ya Lindi, nunua ming'oko, viazi vyetu vya porini, utie humo humo.

ZUHURA: Ngoja. Ming'oko ya Mnazi Mmoja?

SALUMU: Na mama kanigawia.

ZUHURA: Mtu anaishi Mtwara, analetewa ming'oko kutoka Lindi?

SALUMU: Ndiyo maana nasema kijana ana adabu.

ZUHURA: Huo ni uchokozi, Salumu. Ming'oko wanauza kina mama hapa hapa, asubuhi tu unaipata ya moto. Ile ya njia panda imekaa kwenye beseni tangu basi la kwanza.

SALUMU: Kwa sababu inanunuliwa! Pale gari za Mtwara zinapita, za Masasi zinapita, za Lindi mjini zinapita. Mtu hawezi kukaa na ming'oko mibovu pale, abiria watamsema hadi Dar es Salaam.

ZUHURA: Abiria ana njaa, atasifia hata kamba. Hebu niambie, chumvi ilikuwa ndani au juu?

SALUMU: Chumvi inatiwa kwenye maji tangu mwanzo. Kwetu Lindi ndivyo.

ZUHURA: Ndiyo shida ya kwenu. Unatia chumvi mwanzo, moto mkali, maji yanakauka, chumvi yote imebaki kwenye ganda. Ukimenya umetupa chumvi. Bibi yangu Mikindani alikuwa anatia ikishalainika.

SALUMU: Sasa ikishalainika chumvi itaingia saa ngapi? Ming'oko si muhogo.

ZUHURA: Inaingia ikipoa kwenye maji yake! Unaifunika, unaenda zako, ukirudi imekolea. Nyie mnaitoa ikiwa na haraka.

SALUMU: Dada Zuhura, mimi nimekula ming'oko nikiwa nimefungwa mgongoni.

ZUHURA: Ndiyo maana hukuona inavyopikwa.

SALUMU: [anacheka] Haya. Haya. Tulikuwa wapi?

ZUHURA: Nilikuwa na orodha hapa, mambo saba ya kukagua baada ya kukloni. Tumefika la kwanza. Twende la pili: ukimaliza kukloni, zima, chomoa diski ya zamani, ndiyo uwashe. Usiwashe zote mbili zikiwa ndani.

SALUMU: Hilo halina ubishi. Ukiziacha zote, pengine bado unatumia ile ya zamani na wala hujui. Mtu anakuja, "Fundi, SSD yako haina kasi." Hajawahi kuiwasha hata siku moja. Faili za mwezi mzima ziko kwenye haddiski.

ZUHURA: Na zikiwa pacha, zina sahihi moja, yaani namba ile ile ya kuzitambulisha. Windows ikiona diski mbili zenye sahihi moja, moja inaiweka pembeni, inakwambia iko ofulaini. Watu wanadhani imekufa, wanaifomati.

SALUMU: Yule kijana angefomati ile kabla hajairudisha…

ZUHURA: …tungekosa ming'oko.

SALUMU: Umeona! Umekubali ilikuwa mizuri.

ZUHURA: Sijakubali, sijaionja. Hukuniletea.

SALUMU: Ningekuletea ungesema chumvi ipo kwenye ganda.

ZUHURA: La tatu. Hili nimelipanga nikugombeze nalo. Kwa nini hukuipiga Windows mpya?

SALUMU: Ya nini? Mashine imewaka.

ZUHURA: Kompyuta ya steshenari, Salumu! Flashi za mji mzima zinachomekwa mle. Wanafunzi wa chuo, makarani wa korosho, watu wa barua za maombi ya kazi. Ile Windows ina virusi vya kila kata. Ukikloni unahamisha na virusi, unavipa makazi mapya yenye kasi. Mimi kazini kwangu sikloni. Natoa faili, naskani, naweka mfumo mpya, narudisha faili. Makosa yote haya ya EFI, sijui MBR, ule mpangilio wa zamani wa diski, hayanipati, kwa sababu kisakinishi chenyewe kinaziunda pataisheni zote.

SALUMU: Kinaziunda ukichomoa diski nyingine. Ukiiacha ndani, kisakinishi nacho kinaweza kwenda kutumia EFI ya diski ile. Nimeona.

ZUHURA: Sawa, unachomoa. Hoja yangu iko palepale.

SALUMU: Hoja yako ni ya ofisini, kuna mtu wa manunuzi na kuna leseni kwenye faili. Huyu mama ana printa ambayo CD ya draiva ilipotea mwenye duka wa kwanza yuko hai. Ana programu ya vitambulisho vya shule aliwekewa na mtu ambaye namba yake haipatikani. Ana fonti za mihuri. Nikiipiga mpya, Jumanne asubuhi anafungua duka na Windows inayong'aa isiyoweza kuchapa karatasi moja. Msimu wa korosho huu, foleni ya fotokopi iko mlangoni.

ZUHURA: Draiva inatafutwa mtandaoni.

SALUMU: Kwa bando la nani?

ZUHURA: La mteja, unamwandikia kwenye risiti. Salumu, Windows 10 yenyewe Microsoft iliacha kuipa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Yake ilikuwa ipi?

SALUMU: Kumi.

ZUHURA: Umemkloni mzee kwenye mwili wa kijana.

SALUMU: Sikukloni mimi! Nilikuta imekloniwa. Nilitia mlango tu.

ZUHURA: Ulikuwa na nafasi ya kuanza upya, hukuitumia. Virusi vimebaki, mfumo umezeeka, mwakani anarudi kwako.

SALUMU: Akirudi nitamhudumia. Fundi kazi yake ni kumrudishia mtu riziki leo. Usafi tutaufanya duka likifungwa.

ZUHURA: Duka la steshenari linafungwa lini?

SALUMU: Ndiyo hapo sasa.

ZUHURA: Kwa hiyo kamwe.

SALUMU: Sijasema kamwe.

ZUHURA: Na akipoteza vyeti vya watu kwa virusi?

SALUMU: Nimemwambia anunue diski ya nje ya nakala. Na Windows mpya bila nakala, vyeti havipotei?

ZUHURA: Vinapotea vikiwa safi.

SALUMU: [kimya] Hilo jibu nalo.

ZUHURA: Sibadiliki.

SALUMU: Wala mimi. Mashine ya mtu mwenye foleni siifuti.

ZUHURA: Wasikilizaji wataamua. Ila wa Lindi mtapigiana kura kwa undugu, najua.

SALUMU: Tuko wengi, na tumeshiba.

ZUHURA: Nani anagonga?

SALUMU: Kamati ya harusi. Chumba wamekilipia kuanzia saa kumi, nilisahau kukwambia.

ZUHURA: Salumu! Nina mambo manne hapa!

SALUMU: Soma haraka.

ZUHURA: Siyasomi, nayarukia. Kama diski ya zamani ni MBR na baiosi umeiweka UEFI tupu, haitawaka. Ama urudishe baiosi kwenye Legacy, uwashaji wa kizamani, ama uibadilishe iwe GPT kwa mbr2gpt, Windows inayo yenyewe tangu toleo la 1703. Nakala kwanza!

SALUMU: Na ukipata skrini ya bluu ya INACCESSIBLE BOOT DEVICE, kaangalie baiosi kama SATA, njia ya kuunganisha diski, iko kwenye mpangilio wa AHCI au RAID. Irudishe ilivyokuwa siku Windows inasakinishwa.

ZUHURA: Au uwashe kwa seif modi kwanza ili draiva ijipange.

SALUMU: Hiyo inasaidia mara nyingi, si zote.

ZUHURA: BitLocker, kufuli la Windows la kufunga diski: uwe na ile funguo ya tarakimu 48 kabla hujagusa chochote. Na kuna msikilizaji wa Nachingwea alileta swali la Linux, imegoma baada ya kukloni, inamdondosha kwenye maandishi…

SALUMU: UUID, namba za kutambulisha pataisheni, kwenye faili la fstab. Alinganishe na anazoziona kwa amri ya blkid.

ZUHURA: Au GRUB, kiwashio cha Linux, haijaandikwa kwenye diski mpya. Wiki ijayo, ndugu yetu, tutakuanza wewe. Na wiki ijayo mtu aje na ming'oko ya Mtwara na ya Mnazi Mmoja, tufumbwe macho.

SALUMU: Nani atapika?

ZUHURA: Si wewe.

SALUMU: Haya, haya, tunatoka! Wanasema wanaomba na viti.

ZUHURA: Wape viti. Maikrofoni usiwape, mwenyekiti wao namjua.