Kupiga rada ndani ya kisima cha gesi

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, mambo.

Nianzie nyumbani. Wengi hapa Dar mna jirani aliyechimba kisima, mwaka wa kwanza maji matamu, wa tatu chai hainyweki kwa chumvi. Pampu ilivuta mno, maji ya chumvi yaliyokuwa chini yakapanda. Kisima cha gesi au cha mafuta kina ugonjwa huohuo. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974 na kuanza kuletwa hapa mjini 2004, imejificha kwenye vitundu vya mawe ya mchanga. Na popote gesi inapokalia maji, ukivuta, maji nayo yananyemelea. Mara nyingi tunajua yamefika yakishatoka juu. Mimi nataka kuyaona yakiwa bado njiani.

Ndiyo kazi ya rada. Antena inateremshwa kisimani, inarusha pigo fupi la mawimbi ya redio, nasi tunasubiri mwangwi. Kwenye mwamba ambao wimbi hupita kwa kasi ya sentimita 10 kwa nanosekunde, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kitu kilicho mita 5 kitajibu baada ya nanosekunde 100, kwenda na kurudi. Hesabu hiyo hata mtoto wa sekondari anaiweza.

Kinachotutoa jasho ni chumvi. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na kinachopitisha umeme hulimeza wimbi. Kwenye mgodi wa Stripa, Sweden, miaka ya 1980, rada ya kisimani iliona makumi ya mita ndani ya mwamba mgumu wa itale. Ipeleke kwenye mchanga uliolowa maji ya chumvi, itakuwa kipofu.

Lakini hebu tujiulize, antena yetu imekaa wapi? Imekaa upande wa gesi, ambao haupitishi umeme kirahisi. Wimbi linasafiri, linagonga mpaka wa maji, linarudi kama mwanga kwenye kioo. Chumvi ileile iliyotuudhi ndiyo inayong'arisha kioo. Hata hivyo punje za mchanga hubaki zimeshika maji kidogo, kwa hiyo naahidi mita chache tu. Atakayewaahidi mia, mwulizeni anauza nini.

Kijana wa mbele, nimeifunga simu yako kwa karatasi ya alumini ya jikoni. Mwenzako apige. Haipatikani, eh? Basi bomba la chuma linalokinga ukuta wa kisima linafanya hivyohivyo. Rada hii hufanya kazi pale tu ambapo ukuta uko wazi.

Chuma kiliwahi kuniaibisha. Katika jaribio moja nilipata mwangwi safi, nikawaita wenzangu tukashangilia. Tukasogeza shabaha tuliyokuwa tunaipima, mwangwi ukabaki palepale. Kumbe wimbi lilikuwa linapanda kwenye waya wetu wenyewe na kurudi! Tukabadilisha waya, data ikapita kwenye fiba ya kioo isiyopitisha umeme, mwangwi ule ukatoweka. Nilinuna siku mbili.

Bado hatujamaliza. Kisima kina upana wa sentimita 20 hivi, na wimbi la megahezi 100 mwambani lina urefu wa mita nzima. Antena nyembamba kiasi hicho husikia pande zote sawasawa: inaniambia maji yako mita 4, haisemi kama yako juu, chini au ubavuni. Kwenye kisima kilicholazwa, yaani kinachokwenda mlalo chini ya ardhi, hilo ndilo swali lenyewe. Nikipandisha masafa ya wimbi, yaani hizo megahezi, naona vizuri zaidi, ila karibu tu. Sasa tunajaribu kuificha antena upande mmoja kwa ngao ya chuma na kuizungusha.

Haya, mfungulieni kijana simu yake. Nani ana swali?