Kumsimamisha Mzee Kitini: Mafunzo ya Kuhudumia Wazee Yaanzie Wapi

Ndugu wakufunzi, ndugu wanafunzi,

Wengi wanaoingia kazi hii wana moyo mwema, na wema huohuo huwaponza mapema. Wanamvisha mzee, wanamlisha, wanamwinua, kwa huruma na kwa kuwa ni haraka zaidi. Hazipiti wiki nyingi, mzee aliyekuwa akifunga vifungo vyake hawezi tena. Misuli isiyotumika uzeeni hunyauka upesi, na kuirudisha ni kazi ndefu. Kwa hiyo somo la kwanza liwe kujua anachoweza na kumwachia akifanye.

Kipimo kipo. Mwaka 1963 daktari Sidney Katz wa Marekani na wenzake walichapisha orodha ya shughuli sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kitandani au kitini, kujizuia haja, na kula. Mwanafunzi aijaze kwa kumtazama mzee akifanya. Jamaa zake waulizwe pia, lakini mara nyingi watakueleza wanachomfanyia, si anachoweza.

Sasa tuchukue kuinuka kitini, maana hapa mafunzo mengi hulegea. Kama ni kiti cha magurudumu, funga breki na ukunje vibao vya miguu. Avae viatu visivyoteleza. Soksi tupu ni hatari. Mwombe asogee hadi ukingoni mwa kiti. Nyayo zikae zote sakafuni, zimeachana kiasi, visigino vimerudi nyuma kidogo ya magoti. Kisha ainame mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, asukume mikono ya kiti, asimame. Wewe kaa upande wake dhaifu. Usimvute mikono wala usimwinue kwa kwapa: bega, hasa la aliyepooza upande mmoja, huumia kwa urahisi. Asipoinama, uzito hubaki nyuma na ataanguka tena kitini. Mwanafunzi husema miguu haina nguvu, kumbe ilikuwa mbele mno.

Akisimama, asianze kutembea papo hapo, kwa kuwa presha inaweza kushuka akaanguka. Ili kulijua hilo, mpime presha akiwa amelala baada ya kupumzika dakika 5, kisha akiwa amesimama, dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, toa taarifa siku hiyohiyo. Zitazameni dawa za presha, za kuongeza mkojo na za usingizi, na maji anayokunywa, kwa sababu kiu hupungua uzeeni hata mwili unapohitaji maji.

Jambo jingine lisilopewa saa za kutosha darasani ni kuchanganyikiwa kwa ghafla. Naomba tuache kabisa kusema “ni uzee tu”. Ugonjwa wa kusahau kwa kawaida huja kwa miezi na miaka. Huku huja kwa saa au siku, mara amepata nafuu, mara amezidiwa. Nyuma yake huwa kuna maambukizi, dawa mpya, upungufu wa maji, choo kigumu au mkojo uliokwama. Anayepiga kelele huonwa na kila mtu. Anayezubaa kimya ndiye hupitwa, na huyo ndiye mfundishwe kumtafuta. Taarifa isiandikwe “amechanganyikiwa”. Iandikwe: “Jana jioni alikula mwenyewe na kunitaja jina. Tangu saa 12 asubuhi haitiki vizuri, amekojoa mara 1, mkojo kidogo.” Daktari ana pa kuanzia.

Ngozi nayo ikaguliwe kila siku, visigino, nyonga na juu ya matako, kutafuta dalili za vidonda vya kulalia. Kwenye ngozi nyeusi msingoje wekundu. Gusa, utafute joto, ugumu au maumivu.

Mtihani wa mwisho usiishie kwenye karatasi. Mwanafunzi apewe kiti, mzee aliyekubali kushiriki, na dakika 15 za kumsaidia kusimama, kuvaa na kufika mezani. Mtahini ahesabu kila mara mwanafunzi alipomfanyia mzee jambo ambalo mzee aliliweza, na kila mara imkatie alama.