Waliobaki Nje: Ni Timu Gani Bora Zaidi ya Futiboli ya Marekani Iliyokosa Mtoano?

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Mada niliyopewa jioni hii ni ya ubishi, na ubishi wa michezo huendeshwa kwa sauti zaidi kuliko kwa hoja. Swali ni hili: katika historia ya NFL, yaani ligi kuu ya futiboli ya Marekani, ni timu gani iliyokuwa bora kuliko zote zilizokosa hatua ya mtoano? Wengi wenu mnaoufuatilia mchezo huu mnalo jibu tayari, na kwa kawaida jibu hilo ni New England Patriots wa mwaka 2008. Mimi nimekuja kulipinga. Nitawatetea Baltimore Colts wa mwaka 1967, na nitasema kwamba wanaowataja Patriots wanachanganya mambo mawili ambayo yapaswa kutenganishwa, nayo ni ubora wa timu na uchungu wa kukosa nafasi.

Kwa wale waliolelewa na soka, ambako anayemaliza kileleni mwa msimamo wa ligi ndiye bingwa na kazi imekwisha, sina budi kueleza kwanza jinsi timu nzuri inavyoweza kufungiwa nje. NFL ya leo ina timu 32 katika konferensi mbili, AFC na NFC, na kila konferensi ina makundi manne ya timu nne nne. Bingwa wa kundi huingia mtoano moja kwa moja, hata akiwa na rekodi ya kusikitisha. Nafasi zinazobaki, ambazo hapa nitaziita tiketi za ziada, hupewa wenye rekodi bora miongoni mwa waliokosa ubingwa wa makundi yao. Kati ya mwaka 2002 na 2019 tiketi hizo zilikuwa mbili kwa kila konferensi, na tangu 2020 zimekuwa tatu. Timu zikilingana, huanza kuangaliwa matokeo ya wao kwa wao, kisha vigezo vingine kama vile rekodi ya kila timu ndani ya konferensi yake. Kwa hiyo timu inaweza kushinda mechi nyingi na bado ikatazama mtoano kwenye televisheni, ama kwa sababu ilizaliwa katika kundi gumu, ama kwa sababu kigezo cha tatu au cha nne kiliikataa.

Sasa tuwatazame Patriots. Mwaka 2007 walikuwa wameshinda mechi zote 16 za msimu wa kawaida. Tarehe 7 Septemba 2008, katika robo ya kwanza ya mechi ya kwanza dhidi ya Kansas City, Tom Brady, kwotabeki wao, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, aligongwa gotini na Bernard Pollard na msimu wake ukaishia hapo. Aliyeingia ni Matt Cassel, kwotabeki ambaye hakuwa ameanza mechi hata moja katika nafasi hiyo tangu alipokuwa shule ya sekondari, kwa kuwa chuoni alikaa benchi nyuma ya Carson Palmer na Matt Leinart. Kijana huyo aliiongoza timu hadi ushindi 11 na vipigo 5. Miami Dolphins, ambao mwaka uliotangulia walikuwa wameshinda mechi moja tu, nao walimaliza 11 kwa 5 katika kundi hilohilo, na Baltimore Ravens wakamaliza vivyo hivyo katika kundi lao. Dolphins na Ravens walikuwa na rekodi ya 8 kwa 4 ndani ya konferensi, Patriots 7 kwa 5, na mlango ukafungwa. Wakati huohuo San Diego Chargers waliingia kwa rekodi ya 8 kwa 8 kwa sababu tu walikuwa mabingwa wa kundi lao, wakacheza mechi ya mtoano nyumbani, na wakawatoa Indianapolis Colts waliokuwa wameshinda mechi 12.

Nakubali kwamba hesabu hiyo inakera. Hata hivyo, hasira hiyo haituambii Patriots wale walikuwa wazuri kiasi gani. Ratiba yao iliwakutanisha na makundi ya magharibi ya konferensi zote mbili, na mwaka ule makundi hayo yalikuwa dhaifu mno, kwani kulikuwa na timu mbili zilizoshinda mechi mbili mbili tu, Kansas City na St. Louis, na Patriots walizifunga zote mbili. Dhidi ya timu zilizofika mtoano walicheza mechi sita, wakashinda mbili na kupoteza nne. Pittsburgh, ambao baadaye walitwaa taji, waliwafunga 33 kwa 10 huko huko Foxborough, nyumbani kwa Patriots. Na hao Chargers wa 8 kwa 8, ambao watu huwataja kila wanapotaka kuonyesha dhuluma, walikuwa wamewachapa Patriots 30 kwa 10 mwezi Oktoba. Ni vigumu kulalamika kwamba nafasi yako amepewa mtu asiyestahili ilhali mtu huyo alikupiga uwanjani kwa tofauti ya alama 20.

Utetezi wao wenye nguvu ni namna walivyomaliza. Walishinda mechi nne za mwisho, na tarehe 21 Desemba, theluji ikianguka Foxborough, waliwafunga Arizona Cardinals 47 kwa 7, na Cardinals haohao wakaenda kucheza Super Bowl, yaani fainali kuu, wiki chache baadaye. Ushindi huo ni mkubwa, siukatai. Lakini Cardinals walikuwa tayari wamejihakikishia ubingwa wa kundi lao, nao walikuja kwenye baridi ile kama watu waliotumwa kwa nguvu.

Nisipite bila kumtaja mwenye madai bora kidogo kuliko Patriots, naye ni Denver Broncos wa mwaka 1985, timu ya kwotabeki John Elway, ambayo pia ilimaliza 11 kwa 5 na kuachwa huku Cleveland ikiingia kwa 8 kwa 8. Broncos walipoteza kundi lao kwa Raiders, waliowafunga mara mbili katika wiki mbili, kila mara katika muda wa nyongeza, kila mara kwa tofauti ya alama tatu. Mojawapo ya tiketi za ziada ilikwenda kwa Patriots wa wakati ule, waliokuwa na rekodi hiyohiyo ya 11 kwa 5, nao wakaenda kushinda mechi tatu za ugenini mfululizo na kufika Super Bowl, ambako Chicago Bears waliwafunga 46 kwa 10. Yaani aliyepita kwa vigezo alifika fainali. Hilo linatuonyesha kwamba tofauti ya ubora kati ya aliyeingia na aliyeachwa inaweza isiwepo kabisa.

Mwaka 2010 ulirudia somo hilo. Green Bay, New York Giants na Tampa Bay walimaliza wote 10 kwa 6, tiketi ikawa moja, Green Bay wakaipata na wakatwaa taji. Seattle waliingia kwa ushindi 7 na vipigo 9. Giants, kwa upande wao, walikuwa wakiongoza Philadelphia 31 kwa 10 tarehe 19 Desemba, zikiwa zimebaki kama dakika nane, wakafungwa 38 kwa 31 baada ya DeSean Jackson kuudaka mpira wa teke la mwisho, ukamponyoka, akauokota na kukimbia nao hadi mwisho wa uwanja. Sina huruma kubwa kwa timu inayoachia uongozi wa alama 21 kwa njia hiyo.

Kama tungekuwa tunatafuta uchungu peke yake, zawadi ningeipa timu ya Washington ya mwaka 1979, na naomba mniruhusu nikae hapo kidogo. Siku ya mwisho ya msimu, tarehe 16 Desemba, Washington na Dallas walikutana wakiwa wote 10 kwa 5. Mshindi angekuwa bingwa wa kundi. Washington hata wakipoteza wangeweza kuingia kwa tiketi ya ziada, mradi tu Chicago Bears, waliokuwa wakilingana nao katika vigezo vya awali, wasiwapite kwa tofauti ya alama za kufunga na kufungwa. Asubuhi ile Chicago walikuwa nyuma kwa alama 33. Alama 33 ni nyingi. Hakuna mwenye akili timamu aliyezihofia. Chicago wakawafunga St. Louis 42 kwa 6. Huko Texas, Washington waliongoza 17 kwa 0, wakapitwa 21 kwa 17, kisha John Riggins akakata mbio za yadi 66 na wakawa mbele 34 kwa 21. Roger Staubach, kwotabeki wa Dallas, katika mechi yake ya mwisho ya msimu wa kawaida kabla ya kustaafu, alirusha pasi mbili za kufunga, ya pili kwa Tony Hill zikiwa zimebaki sekunde 39, na mechi ikaisha 35 kwa 34. Washington walikosa ubingwa wa kundi kwa alama moja na tiketi kwa alama nne, kwa kuwa Chicago walimaliza msimu na tofauti ya 57 na wao 53. Hata hivyo ilikuwa timu ya ushindi 10, nzuri bila kuwa ya kutisha.

Sasa nije kwa Baltimore. Mwaka 1967 NFL ilikuwa na timu 16 katika makundi manne, na walioingia mtoano walikuwa mabingwa wa makundi hayo tu. Tiketi za ziada zilikuja mwaka 1970, baada ya NFL kuungana na ligi ya AFL. Colts, chini ya kocha Don Shula, wakiongozwa na Johnny Unitas aliyechaguliwa mchezaji bora wa ligi mwaka huo, walicheza mechi 13 bila kupoteza hata moja, yaani ushindi 11 na sare 2. Walifunga alama 394 msimu mzima na kufungwa 198. Kisha, katika mechi ya 14, tarehe 17 Desemba huko Los Angeles, safu ya ulinzi ya Rams waliokuwa kundi moja nao, akina Deacon Jones na Merlin Olsen, haikumpa Unitas nafasi ya kupumua, na Rams wakashinda 34 kwa 10. Timu zote mbili zikamaliza na ushindi 11, kipigo 1 na sare 2. Mechi yao ya kwanza, mwezi Oktoba, ilikuwa sare ya 24 kwa 24. Rams wakapita kwa matokeo ya wao kwa wao, Colts wakarudi nyumbani wakiwa wamepoteza mechi moja tu.

Kuna mambo mawili hapa ambayo hayazungumzwi ya kutosha. La kwanza ni kwamba utaratibu uliowatoa Colts ulikuwa mpya. Kabla ya mwaka 1967, timu zilizolingana kileleni zilicheza mechi ya ziada kuamua. Colts wenyewe waliicheza mechi kama hiyo mwaka 1965 dhidi ya Green Bay, wakati makwotabeki wao wawili walikuwa majeruhi na Tom Matte, mkimbiaji, alilazimika kushika kazi hiyo akiwa na orodha ya mipango ya mashambulizi imefungwa kwenye kifundo cha mkono. Walifungwa 13 kwa 10 katika muda wa nyongeza, baada ya Green Bay kusawazisha kwa teke ambalo watu wa Baltimore waliapa kwamba lilipita nje ya nguzo. Ligi ilirefusha nguzo za goli msimu uliofuata, na kila mtu na aelewe anavyotaka.

La pili ni Green Bay na Rams, tarehe 9 Desemba 1967. Green Bay walikuwa tayari wameshatwaa kundi lao na mechi ile haikuwa na maana kwao. Waliongoza 24 kwa 20 hadi ikabaki chini ya dakika moja, ndipo Tony Guillory wa Rams akauzuia mpira wa teke, Claude Crabb akaukimbiza hadi karibu na mstari, na Roman Gabriel akampa Bernie Casey pasi ya ushindi. Teke lile lingetoka salama, Rams wangekuwa na vipigo viwili, na Colts wangekuwa mabingwa wa kundi hata baada ya kuchapwa na Rams wiki iliyofuata.

Tena angalieni nani waliingia. Dallas na Cleveland walikuwa 9 kwa 5, Green Bay ushindi 9, vipigo 4 na sare 1. Colts walikuwa wamewafunga Green Bay 13 kwa 10 na Dallas 23 kwa 17. Green Bay na Dallas ndio waliocheza fainali ya ligi katika baridi kali ya Wisconsin, na Green Bay wakaenda kutwaa Super Bowl. Bingwa na mshindi wa pili, wote wawili walikuwa wamepigwa mwaka uleule na timu iliyokuwa imekaa nyumbani. Patriots wa 2008 hawana kitu kinachokaribia hilo.

Mtu ataniuliza kuhusu Green Bay wa mwaka 1963, waliomaliza na ushindi 11, vipigo 2 na sare 1. Jibu ni fupi: vipigo vyote viwili walivipata kwa Chicago, 10 kwa 3 na 26 kwa 7, na Chicago ndio waliowapita. Hapo haki ilitendeka.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni kwamba Colts nao walipewa mechi ya kufa au kupona, wakiwa wanahitaji sare tu, na wakafungwa kwa alama 24. Ni kweli, na sisemi walidhulumiwa. Nasema walikuwa bora, na hayo ni madai mengine. Msimu uliofuata timu hiyohiyo, Unitas akiwa majeruhi na nafasi yake akiishika Earl Morrall, ilishinda mechi 13 kati ya 14 na kuwafunga Cleveland 34 kwa 0 katika fainali ya NFL. Baada ya hapo, Januari 1969, ikiwa imepewa nafasi kubwa mno ya kushinda, ikafungwa na New York Jets 16 kwa 7 katika Super Bowl ya tatu. Wanaonipinga huishika mechi hiyo na kusema Colts wa enzi ile walilegea kila ilipofika siku kubwa. Mimi nadhani mechi mbili mbaya katika misimu miwili, moja dhidi ya Rams na nyingine dhidi ya Jets, hazitoshi kufuta ushindi 24 wa msimu wa kawaida, lakini najua kwamba ndani ya ukumbi huu wapo wasiokubaliana nami, na sasa ni zamu yao kusema.