Mbegu zinazowahi: mbaazi, choroko na juti za India

Haya jamani tuanze, waliosimama nyuma viti vipo huku mbele. Nani hapa kala mlenda wiki hii? Eeh, mikono mingi. Sasa ule mlenda wa majani marefu, Kenya wanauita mrenda, ndio mmea huohuo Wabengali wanauacha urefuke mpaka ukupite kichwa, wanaukata, wanauloweka mpaka ganda liachie, wanavua nyuzi, gunia hilo. Sisi tunasongea ugali wao wanaita juti.

Na mbegu yake bora ina ndugu Afrika. Kituo cha utafiti cha Barrackpore, jirani na Kolkata, mwaka 1977 walitoa mbegu ya juti inayoitwa JRO 524, wakulima wanaiita Naveen, mzazi wake mmoja ni Sudan Green. Juti za zamani ukiziwahisha mwezi wa tatu zilikuwa zinachanua kabla ya wakati, zinatoa matawi, nyuzi zinaharibika. Hii haina pupa hiyo, unaipanda mwezi wa tatu, ukifika wa saba umeshakata, unapandikiza mpunga palepale.

Hapo ndipo nataka mkae na mimi. Mkulima wa India kwa wastani ana hekta moja na kidogo, kwa hiyo anaangalia shamba kama mwenye gesti, huyu anatoka lini ili mwingine aingie.

Chukua mbaazi. Uttar Pradesh na Bihar mbaazi za kienyeji zinaingia na mvua mwezi wa sita au wa saba, zinatoka wa tatu au wa nne, miezi tisa kama mimba, na hapo katikati msimu wa ngano umekupita hivihivi. Mtu ana pampu ya maji, serikali inanunua ngano kwa bei iliyotangazwa, atalea mbaazi ya nini? Ndio maana mikunde ilisukumwa kwenye ardhi kavu huko. Watafiti wa Pantnagar wakaja na mbaazi ya UPAS 120, miezi minne mpaka mitano hivi iko nje, ngano inaingia. Choroko ndio wamekimbia zaidi, taasisi ya mikunde ya Kanpur mwaka 2016 ilitoa Virat, siku 52 mpaka 55 tu! Inakaa pale ngano ikishatoka na mpunga haujaingia, shamba ambalo lingelala tu linaota jua.

Ila msinielewe vibaya, haraka peke yake haitoshi. Mbaazi ya Asha, ya ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya ukame kule Patancheru, 1993, inachukua karibu miezi sita na watu waliipenda kwa sababu inahimili mnyauko, ule ugonjwa unaojificha kwenye udongo miaka, leo mmea mzima kesho umekauka, halafu inahimili na ule utasa wa mbaazi, majani tele ua hata moja hakuna. Asha kwa Kihindi ni tumaini. (Nyie wa mbaazi najua mnawaza 2017, India walivuna sana wakaweka kikomo tani 200,000 kwa mbaazi za nje, bei huku ikalala. Mbegu ya mtu wa mbali hiyo, imefika mpaka mfukoni kwako.)

Pamba sasa. Surat, 1970, mtafiti C.T. Patel akatoa H-4, pamba chotara ya kwanza duniani kupandwa kibiashara. Mavuno yalipanda kweli. 2002 ikaja pamba ya Bt, iliyotiwa jeni la bakteria ili mmea wenyewe utengeneze sumu ya kuua funza, wakaiweka kwenye chotara hizohizo, na nyingi zinakaa shambani miezi sita, saba. Yule funza wa pinki kapata chakula muda wote huo, kizazi juu ya kizazi, mwisho kazoea sumu. Leo wataalamu wanawasihi watu wang'oe pamba kabla mwaka haujaisha.

Mzee wangu hapo mbele anauliza kwa nini mkulima wa juti asitunze mbegu yake mwenyewe. Swali zuri shikamoo. Ni kwa sababu ukitaka nyuzi laini unakata mmea kabla mbegu haijakomaa, ukisubiri mbegu unapata kuni. Kwa hiyo mbegu nyingi ya Bengal inalimwa Maharashtra na Andhra Pradesh, inasafirishwa kuvuka nchi, na mzigo ukichelewa wiki tatu, ile Naveen ya kuwahi inapandwa kwa kuchelewa na mpunga nao unasubiri.