Mama wa kutoa, mwanamke wa kuuliza

Asanteni sana, na nyinyi mmesimama huko nyuma sogeeni, viti viko.

Angalieni mchango wowote unaoitishwa mtandaoni hapa Nairobi, iwe TikTok, iwe Facebook, iwe grupu ya WhatsApp ya chama. Mwanamke mwenye ameuanzisha ataitwa mama, hata kama hajazaa, na yeye mwenyewe ataanza kuandika hivyo, leso kiunoni, sufuria kubwa nyuma yake, ju anajua mama akiitisha watu wanatuma M-Pesa bila maswali mengi. Mimi simlaumu hata kidogo. Hiyo ni heshima ya kweli na imelisha watu wengi.

Lakini mnakumbuka mafuriko ya Mathare 2024? Mwanamke mwenye alikuwa anapikia waathiriwa alipewa makofi, halafu serikali ikaanza kubomoa nyumba za kando ya mto, na ukiwa mwanamke ukauliza hawa watu walale wapi, komenti zinageuka, ooh umeolewa kweli, ooh unatafuta kiti cha MCA, yaani udiwani wa kaunti. Yaani kutoa unaruhusiwa, kuuliza hapana.

Na pedi ndio zinaonyesha hii maneno vizuri kabisa. Kenya iliondoa VAT kwa pedi 2004, 2017 sheria ikasema serikali iwape wasichana wa shule bure, na bado kila wiki kuna dada anachangisha pedi online na tunampongeza. Februari 2023 seneta Gloria Orwoba akaingia Seneti suruali yake nyeupe ina doa jekundu, anapigania hizo hizo pedi, akaambiwa atoke abadilishe nguo. Kugawa tunapenda, ile damu yenyewe hatutaki kuiona, na mwenye mwili huo akisimama kama yeye, si kama mama wa mtu, tunashtuka.

Kitu kingine, na hapa naongea na sisi wenyewe wenye tunachangisha: wacheni kupanga wasichana mstari washike pedi mbele ya kamera. Sheria ya data ya 2019 inataka ruhusa ya mzazi, na hata bila sheria, sura ya huyo mtoto si ya kutujengea jina. Posti risiti, posti hesabu ya paybill.

Na ukimaliza kugawa, uliza kwa akaunti hiyo hiyo pesa za pedi za shule zilienda wapi.

Haya, maswali. Tuanze na huyo dada wa kilemba cha kijani.